Damu inatoka tundu moja la pua: je, mbwa wangu anahitaji CT?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume, German Shepherd, anaitwa Simba. Ana kama miaka saba, kilo 34, hajahasiwa. Nilimchukua akiwa mkubwa, alikuwa akizurura mtaani. Tangu miezi miwili iliyopita tundu la kulia la pua linatoa makamasi mazito, na siku nyingine damu. Anapiga chafya sana na usiku anakoroma. Amepewa antibiotiki mara mbili, ya mwisho ni doksisaiklini ya siku kumi. Alipata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi. Eksirei ya kichwa haikuonyesha kitu cha maana. Sasa daktari wetu hapa Nairobi anataka afanyiwe CT (picha ya mionzi inayopangwa na kompyuta vipande vipande) kwenye kituo cha picha cha binadamu ambacho hupokea wanyama usiku, wagonjwa wakishaisha. Gharama si ndogo na nusukaputi inanitia hofu. Je, ni lazima? Kinachofanyika ni nini hasa? Na picha ikionyesha saratani, ndiyo basi tena?

Jibu: Pole sana, wewe na Simba. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo zito kuliko yote. Hapana, picha ya CT ikionyesha uvimbe uliokula mfupa, hiyo pekee haitoshi kuamua apewe sindano ya kumpumzisha milele. CT inaonyesha ugonjwa uko wapi na umefika wapi. Jina la ugonjwa linatoka kwenye kinyama kilichokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Na kwa mbwa dume aliyewahi kuzurura mitaani huku kwetu, jina hilo linaweza kuwa la uvimbe unaopona kwa sindano chache za bei ya kawaida. Nitalieleza hilo mbele kidogo.

Kuhusu kama ni lazima: kwa dalili ulizotaja, daktari wako yuko sahihi kuitaka CT. Ila kuna vipimo vidogo vya kutangulia. Kama havijafanyika, omba vifanyike wiki hii kabla hujalipia chochote kikubwa.

Mbwa wa Afrika Mashariki akitoka damu puani, jambo la kwanza la kufikiria ni kupe. Kupe wa kahawia wanaojificha kwenye nyufa za kibanda hueneza Ehrlichia canis, kijidudu kinachoshusha chembe sahani, zile zinazoziba mshipa ukipasuka. Mbwa mwenye afya ana chembe sahani kati ya 200 na 500 hivi kwa namna maabara inavyoziandika, yaani bilioni kwa lita. Zikishuka chini ya 50, damu inaweza kuanza kutoka yenyewe puani au kwenye fizi, au ukaona vidoa vyekundu vya ukubwa wa ncha ya pini kwenye ngozi ya tumbo. Doksisaiklini ya siku kumi haitoshi kuufuta ugonjwa huu. Dozi yake ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 28. Kwa hiyo kusema "alipewa dawa hakupona" hakujaiondoa erlikiosi kwenye hesabu.

Hapa kuna mitego miwili. Mashine ya maabara husoma chembe sahani kuwa chache wakati kumbe zimeshikana mafungu kwenye chupa ya damu, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, mwombe mtaalamu wa maabara aitazame damu kwenye kioo cha hadubini kwa macho yake. Mtego wa pili ni kipimo cha haraka cha magonjwa ya kupe. Kinatafuta kingamwili, na mbwa aliyeishi mtaani ana kila sababu ya kuwa nazo hata kama ugonjwa ulishapita. Kipimo kikisema chanya, na chembe sahani ni 300, damu ya puani huenda ina chanzo kingine. Kwa maelezo yako mimi naegemea huko: upande mmoja, makamasi mazito, miezi miwili, kukoroma. Hiyo ni sura ya kitu kilichokaa ndani ya pua.

Pamoja na chembe sahani, vipimwe muda wa damu kuganda (sumu ya panya huuharibu, na mbwa huipata kwa kula panya aliyekufa nayo), kreatinini ya figo, na shinikizo la damu. Na kama kuna mtu nyumbani amekuwa akimpa aspirini au dawa nyingine ya maumivu ya watu, mwambie daktari bila kuficha. Nyingi ya dawa hizo huzuia damu kuganda, na baadhi yake hulitoboa tumbo la mbwa.

Wewe mwenyewe unaweza kufanya kipimo kimoja leo. Chukua kioo kidogo cha mkononi, kiweke kwenye friji dakika chache, kisha kishike mbele ya pua ya Simba akiwa ametulia na amefumba mdomo. Pua nzima huacha vidoa viwili vya mvuke. Kikitokea kidoa kimoja tu, upande wa pili umeziba. Tazama pia kama jicho la kulia limesukumwa mbele au linatoa machozi zaidi ya jingine, kama kuna nundu kati ya macho, na kama ngozi nyeusi ya ukingo wa tundu la kulia imepauka au ina kidonda. Andika ulichokiona. Ngozi iliyopauka na kuchubuka huelekeza kwenye fangasi. Nundu na jicho lililosukumwa huelekeza zaidi kwenye uvimbe.

Sasa kwa nini eksirei haikuona kitu? Kwa sababu inabana kichwa kizima kwenye picha moja bapa. Pua ya kulia, pua ya kushoto, meno, taya na mrija wa hewa vyote hulaliana, na vifupa vyembamba vilivyojikunja ndani ya pua hupotea humo. CT humzungushia mgonjwa chanzo cha mionzi na vipokezi vyake, kisha kompyuta hupanga vipimo hivyo kuwa vipande, kimoja baada ya kingine, kuanzia ncha ya pua hadi shingoni. Hesabu yake ya msingi ilianza kufanyiwa kazi na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa Cape Town miaka ya 1950. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeunda mashine, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwaka 1971, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kila nukta ya picha hupewa namba kwa vizio vya Hounsfield: hewa ni −1000, maji ni 0, mafuta ni karibu −100, nyama laini ni kama 30 hadi 60, mfupa mgumu hupita 1000. Ndiyo maana CT hutofautisha makamasi, nyama na mfupa mahali ambapo eksirei huonyesha weupe mmoja tu.

Utauliza kuhusu MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. MRI huona ubongo na nyama laini vizuri zaidi, lakini huchukua muda mrefu na ni ghali zaidi. Kwa pua, ambako swali kubwa ni kama mfupa umeliwa, CT ndiyo ya kwanza.

Nusukaputi. Hofu yako naielewa, na inafaa izae maswali mazuri kwa daktari. Mbwa hawezi kuambiwa atulie, na kwa pua inayotoka damu dawa ya kumlegeza tu haitoshi, kwa sababu damu inaweza kushuka kwenye mapafu. Lazima awe na mrija kwenye koo la hewa wenye puto lililojazwa vizuri, na shashi (kitambaa cha kufungia vidonda) iliyopachikwa nyuma ya mdomo kunyonya damu. Shashi hiyo ihesabiwe inapoingia na inapotoka, maana ikisahaulika humkaba mbwa akiamka. Kupiga picha kwenyewe ni chini ya dakika moja kwa mashine ya kisasa. Muda unakwenda kwenye kumlaza, kumpanga na biopsi (kukata kinyama cha kupima), kwa hiyo tegemea saa moja hivi, wakati mwingine zaidi.

Hatari haitoki kwenye mionzi. Kiasi anachopata mara moja hakina uzito ukilinganisha na ugonjwa alionao, na watu wote hutoka chumbani wakati mashine inapiga. Hatari iko kwenye chumba cha CT cha watu ambacho hakikupangwa kwa mbwa. Muulize daktari wako haya kabla ya siku yenyewe: je, atakuja na mashine ya gesi ya usingizi, au atamweka kwa propofoli (dawa ya usingizi ya mshipani) ya mfululizo? Oksijeni ipo, na mrija unafika hadi katikati ya mashine meza ikisogea? Nani atakuwa na kazi moja tu ya kumwangalia Simba usiku ule? Kuna kipimo cha hewa chafu anayotoa (kikae kati ya 35 na 45) na cha shinikizo la damu (wastani usishuke chini ya 60)? Daktari anayejibu maswali haya bila kusita ameshajiandaa. Akikwambia "tutaona hukohuko", ahirisha.

Kama miadi ni saa mbili usiku, mlo wa mwisho uwe saa sita mchana, tena mwepesi. Maji aachiwe hadi mnapoondoka nyumbani. Asivae mkufu wa chuma. Dawa zake zote ziandikwe kwenye karatasi. Tena German Shepherd wengine hubeba kasoro ya jeni iitwayo MDR1, inayofanya dawa kadhaa ziingie kwenye ubongo kupita kiasi. Asepromazini na butofanoli, dawa za kutuliza, ni miongoni mwa zile ambazo dozi hupunguzwa. Mkumbushe daktari.

Mkono wa Simba utawekewa kanula (mrija mdogo wa mshipani) nene kiasi, na ijaribiwe kwa maji ya chumvi mililita 10 kabla ya chochote. Sababu ni kontrasti, dawa yenye ayodini inayong'arisha sehemu zenye damu nyingi. Dozi ya kawaida ni miligramu 600 za ayodini kwa kilo. Kwa dawa yenye miligramu 300 kwa mililita, hiyo ni mililita 2 kwa kilo, yaani Simba anahitaji 68, ipashwe hadi joto la mwili na isukumwe kwa kasi. Kanula ikivuja, mzigo wote huo unaingia chini ya ngozi na mkono unavimba. Figo mbovu au mwili uliokauka maji huongeza madhara, ndiyo maana kreatinini inatangulia. Mzio mkali ni nadra, lakini adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sindano.

Wataalamu wa mashine za watu wanajua kazi yao, lakini mipangilio ya mashine imewekwa kwa mwili wa mtu, na hapa ndipo picha nyingi za wanyama huharibika. Naomba mwoneshe daktari wako sehemu hii.

Kwanza, Simba alazwe kifudifudi, taya juu ya sponji, kaakaa liwe sambamba na meza na pua imenyooka. Kichwa kikiinama upande hata kidogo, kulia na kushoto haviwezi kulinganishwa, na katika pua ulinganisho ni nusu ya kazi. Klipu ya chuma ya ulimini (ya kupimia oksijeni) na nyaya za moyo ziondolewe kwenye eneo la picha, kwa sababu chuma hutupa mistari myeupe juu ya kila kitu.

Pili, uwanja wa picha ufinywe. Picha ya CT ina nukta 512 kwa 512. Ukiacha uwanja wa sentimita 50 uliowekwa kwa kifua cha mtu, kila nukta ni karibu milimita nzima, na vifupa vya pua ni vyembamba kuliko hapo. Ukiufinya hadi sentimita 15, nukta inakuwa milimita 0.3. Unene wa kipande uwe milimita 1 au chini, usiwe 3 au 5. Na vipande vitengenezwe mara mbili, kwa mpangilio wa mfupa na kwa mpangilio wa nyama laini. Hili lisiachwe hadi kesho, kwa sababu data ghafi hufutwa kwenye mashine baada ya muda mfupi, na ikishafutwa vipande vinene havirudi kuwa vyembamba.

Tatu, upande. Mashine huuliza mgonjwa ameingia kwa kichwa au kwa miguu, kifudifudi au chali. Fundi akibonyeza "chali" kwa mazoea, kulia kwa Simba kunaandikwa kushoto, na baadaye mtu anaweza kuchukua biopsi upande wa pua usio na ugonjwa. Bandika alama upande wa kulia wa kichwa. Kipande cha mrija wa plastiki chenye matone ya kontrasti kinatosha, na kinaonekana kwenye kila kipande kinapopita.

Nne, eneo. Ncha ya pua hadi nyuma ya fuvu, zikiwemo tezi za limfu za chini ya taya na za nyuma ya koo, mara moja bila kontrasti na mara moja nayo. Na kwa kuwa mbwa ameshalala, kifua kipigwe usiku uleule. CT huona vinundu vya mapafu ambavyo eksirei hukosa. Kifua ni bora kitangulie kabla mapafu hayajaanza kusinyaa kwa kulala, na pumzi ishikiliwe kwa sekunde chache mashine inapopita.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine: CT kwanza, kamera ya kuchungulia puani na biopsi baadaye. Pua ikishaoshwa au kukatwa, damu na maji hujaa ndani na picha haisomeki. Wapo wanaoanza na kuosha pua "labda kitu kitatoka", kisha wanalipia CT ya kutazama maji.

Picha ikishapatikana, msomaji mzuri hutazama mambo machache kwa makini. La kwanza ni vile vifupa vilivyojikunja. Vikiwepo vyote, vimezungukwa na makamasi pande zote mbili bila mfupa kuliwa, mara nyingi ni mwako (utando kuvimba na kuwa mwekundu) wa muda mrefu usio na sababu inayojulikana, unaotibika kwa kiasi lakini hurudirudi. Vikiwa vimeliwa na kuacha mapango meusi ya hewa, utando wa sainasi (uwazi wa hewa ndani ya mfupa) ya paji la uso umenenepa na mfupa wake umekuwa mzito, hiyo ni sura ya fangasi, hasa Aspergillus fumigatus, na mbwa wa pua ndefu kama Simba ndio huupata zaidi. Vikiwa vimeliwa na mahali pake pamejazwa na nyama inayong'aa baada ya kontrasti, huku ukuta wa katikati umesukumwa au umetoboka, ni uvimbe. Makamasi yaliyokwama nyuma ya uvimbe hayang'ai. Bila kontrasti sainasi iliyojaa makamasi husomwa kuwa imejaa saratani, na ugonjwa huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Meno ya juu nayo yatazamwe, hasa chonge na jino kubwa la nyuma la kukatia. Duara jeusi kwenye ncha ya mzizi ni jipu, na jipu la jino linaweza kutoa usaha puani kwa miezi. Hilo ni jibu zuri kulipata, kwa sababu jino linang'olewa na kazi imeisha. Mbegu za nyasi ni habari nyingine: mara nyingi hazionekani kwenye CT, kwa kuwa zimelowa makamasi na namba zake zinafanana nayo. Utaona pango dogo au uvimbe wa sehemu moja, na kamera ndiyo itakayoikuta mbegu.

Mahali pa mwisho ni kati ya macho, kwenye bamba la mfupa lenye vitundu kama chekeche linalotenganisha pua na ubongo. Hali ya bamba hili hubadilisha mipango yote. Kama ni fangasi, tiba iliyozoeleka ni kujaza pua na sainasi kwa klotrimazoli ya asilimia 1 kwa saa moja mbwa akiwa usingizini, akigeuzwa kila dakika 15. Bamba likiwa limetoboka, dawa inavuja kwenye ubongo, kwa hiyo njia nyingine hutafutwa. (Dawa hiyo iwe iliyochanganywa kwa poliethilini glaikoli. Ile ya propilini glaikoli huvimbisha koo.) Kama ni uvimbe, bamba likishaliwa hesabu ni ya hatua ya nne, iliyo mbaya kuliko zote. Hatua ya kwanza ni uvimbe wa upande mmoja usiogusa mfupa zaidi ya vile vifupa vya ndani, ya pili umekula mifupa mingine, ya tatu umetoka kwenda kwenye tundu la jicho, chini ya ngozi au nyuma ya koo.

Baada ya picha, Simba akiwa bado amelala, biopsi. Daktari hupima chombo chake nje ya uso, kutoka ncha ya pua hadi kona ya ndani ya jicho, na kukifunga plasta hapo. Chombo hakipiti plasta hiyo, maana mbele yake ni lile bamba na ubongo. CT humwonyesha akate wapi. Vikatwe vinyama vitano au sita, kutoka ndani ya uvimbe wenyewe, kwa kuwa utando wa juu huwa na mwako na usaha tu, na jibu la "mwako" kutoka kwenye kinyama cha juu limeshapoteza mbwa wengi miezi ya thamani. Vihifadhiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama. Damu itatoka, na kwa kawaida hukoma kwa maji baridi ya chumvi na subira. Chembe sahani zikiwa chache au damu haigandi, biopsi haifanyiki usiku huo.

Kabla kinyama hakijaingia kwenye fomalini, kigongwegongwe juu ya kioo cha maabara, kioo kikaushwe na kupakwa rangi. Hili ni la dakika kumi na gharama yake ni ndogo, na ndipo ninaporudi kwenye ahadi yangu ya mwanzo.

Kuna uvimbe wa mbwa unaoambukizwa kwa kujamiiana, unaojulikana kwa kifupi kama TVT. Chembe hai za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa. Uko sana mahali ambapo mbwa wengi huzurura bila kuhasiwa, na miji yetu ni mahali hapo. Dume hunusa na kulamba sehemu za siri za jike, na chembe hizo hujipandikiza puani mwake. Anaweza kuwa nao puani tu, uume ukiwa safi kabisa, ingawa ni lazima ukaguliwe. Kwenye CT unaweza kula mfupa na kuonekana sawasawa na saratani za kawaida za pua. Kwenye kioo cha hadubini haufichiki: chembe za duara zenye vitundu vyeupe vilivyojipanga ndani yake.

Tofauti ya matarajio ni kubwa mno. Saratani ya kawaida ya pua isipotibiwa, mbwa wengi huishi miezi mitatu hivi. Tiba yake bora ni mionzi, ambayo mara nyingi huleta mwaka mmoja au zaidi, na kabla ya kuiwekea matumaini uliza kama inapatikana mnapoweza kufika. TVT hutibiwa kwa vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Simba ana kama mita 1 ya mraba, na wengi huhitaji sindano nne hadi sita. Wengi hupona kabisa. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, chembe nyeupe za damu lazima zihesabiwe kabla ya kila sindano, na ile kasoro ya MDR1 niliyoitaja huongeza ukali wake, kwa hiyo ni kazi ya daktari mwenye mkono mtulivu. Sisemi Simba ana TVT. Nasema umri wake, jinsia yake na maisha yake ya zamani vinatosha mtu yeyote asikate shauri kwa picha peke yake.

Siku ile usitoke na filamu zilizochapishwa tu. Omba faili zote za DICOM (picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye mashine) kwenye diski au flashi. Filamu ya picha 20 imechaguliwa na mtu ambaye huenda hajawahi kusoma pua ya mbwa, wakati faili kamili lina mamia ya vipande na linaweza kutumwa kwa mtaalamu wa radiolojia ya mifugo popote alipo. Daktari wa radiolojia ya binadamu ataona uvimbe mkubwa vizuri, lakini sainasi na meno ya mbwa vina mpangilio wake. Pamoja na faili ziende historia fupi, majibu ya damu na upande wenye dalili. Vinyama vinaweza kusomwa na wanapatholojia wa mifugo wa vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi (Kabete) au Sokoine, Morogoro.

Gharama nayo iandikwe sehemu kwa sehemu kabla ya siku: picha ya kichwa, picha ya kifua, kontrasti, nusukaputi, usomaji, biopsi na maabara. Wengi hulipia picha, kisha hukwama pesa za biopsi zimekwisha, wakabaki na picha nzuri ya ugonjwa usio na jina. Kama fedha hazitoshi vyote, ni heri kuacha CT ukafanya ukaguzi wa mdomo chini ya usingizi, eksirei ya puani kwa filamu iliyowekwa ndani ya mdomo, kisha biopsi ya uangalifu ya upande wa kulia isiyopita ile alama ya jicho. Utakosa kujua ugonjwa umefika wapi, lakini utajua ni nini. Na kama damu itaonyesha chembe sahani ziko 20, usiende CT kwanza. Tibu hilo.

Siku mbili tatu baada ya biopsi atapiga chafya zenye matone ya damu, hilo ni la kawaida. Mweke mahali patulivu, chakula laini, asibweke na kukimbia getini, na mkanda wa kumwongozea uwe wa kifuani badala ya shingoni. Damu ikichuruzika mfululizo zaidi ya dakika kumi na tano, fizi zikipauka, akiyumba, akizunguka upande mmoja au akipata degedege, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.